Kurudi nyuma: maana yake, na kwa nini Wakristo wanabishana juu yake

Ukipita bustani ya Jeevanjee, Nairobi, saa ya chakula cha mchana, utamsikia mhubiri akiwaita watu wa aina mbili: wanaotaka kuokoka, na "wewe uliyerudi nyuma". Aliyerudi nyuma ni mtu aliyemkiri Kristo kisha akaiacha njia. Si kila kosa linahesabika. Aliyegombana na makanga, akatubu kabla ya kushuka, hajarudi nyuma. Aliyerudi nyuma ameacha kuomba, kwenye ushirika haonekani tena, na akiulizwa habari za wokovu anageuza mazungumzo.

Je, aliwahi kuokoka kweli? Hapo ndipo ubishi unapoanzia.

Wanaofuata mapokeo ya John Calvin, mwanamageuzi wa karne ya 16, ambayo Wapresbiteri wa PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki) waliyapokea kupitia wamisionari wa Uskoti, wanasema Mungu huwalinda wote aliowaita. Sinodi (mkutano mkuu wa kanisa) ya Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1618 hadi 1619, ilifundisha hivyo: mwamini anaweza kuanguka vibaya, kama Petro, ila atarudishwa. Asiyerudi kabisa hakuwa wa Kristo tangu mwanzo, na hapo husomwa 1 Yohana 2:19: "Walitoka kwetu, lakini hawakuwa wa kwetu."

Wafuasi wa Jacobus Arminius, mwanatheolojia wa Uholanzi, katika tamko lao la 1610, waliliacha wazi swali la kama mwamini wa kweli anaweza kupotea, hadi Maandiko yachunguzwe zaidi. Baadaye John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alifundisha bila kusitasita kwamba wokovu unaweza kupotea. Wamethodisti na Wapentekoste wengi wako upande huo. Wakatoliki nao husema dhambi ya mauti huondoa neema ya utakaso, na kitubio, yaani sakramenti ya kuungama, huirudisha.

Andiko linalorushwa sana ni Waebrania 6:4-6, na kwa maoni yangu linawabana wote. Linasema juu ya watu waliopewa nuru, wakakionja kipawa cha mbinguni, wakafanywa washirika wa Roho Mtakatifu. Ni vigumu kusema hao hawakuwahi kuokoka. Lakini linaendelea kusema kwamba wakianguka, haiwezekani kuwafanya upya tena ili watubu. Basi mhubiri anayelitumia kuthibitisha kwamba wokovu hupotea, kisha dakika tano baadaye akawaita waliorudi nyuma waje mbele, anadaiwa maelezo. Wengi hujibu kwamba linamhusu aliyemkana Kristo kwa makusudi, si aliyelegea. Naliona jibu hilo kuwa la haki, ila lisemwe waziwazi, kwa sababu kuna mtu pale kwenye benchi anayeamini mlango wake umeshafungwa.

Tofauti hizi huonekana kwa yule anayekwenda mbele kila kesha, machozi yakimtoka, akiongozwa sala ya toba tena. Mchungaji wa mapokeo ya Wesley atamwombea arejeshewe alichopoteza. Yule wa mapokeo ya Calvin atakaa naye chini amuulize anamtegemea nani: Kristo, au ile sala ya kesha lililopita?