Je, wajua kwa nini seli hukata DNA yake yenyewe?

Ukipita soko la Mwanjelwa, Mbeya, utaona magunia ya viazi yakifungwa kwa kamba. Chukua kipande cha kamba iliyosokotwa kwa nyuzi mbili, mwenzako aishike ncha moja kwa nguvu, kisha wewe uanze kuziachanisha nyuzi kutoka upande wako. Mwanzoni zinakubali. Ukiendelea, sehemu ya mbele inazidi kukaza, na mwishowe inajikunja vifundovifundo. Msokoto ule haukupotea, umeusukuma mbele tu.

DNA, molekuli inayobeba maagizo ya urithi ndani ya seli, ina taabu hiyohiyo, tena kubwa mno. Nyuzi zake mbili zimezungukana, na kila mzunguko mmoja kamili unachukua jozi za besi, yaani herufi za DNA, kama 10.5. Seli moja ya binadamu ina jozi zaidi ya bilioni 6, kwa hiyo mizunguko inakaribia milioni 600. Wanasayansi James Watson na Francis Crick walipotangaza umbo hilo mwaka 1953, wakitegemea pia picha ya eksirei iliyotoka kwenye kazi ya Rosalind Franklin, wapo waliouliza mara moja: nyuzi hizi zitaachanaje bila kujifunga? Mwaka 1954 Max Delbrück alipendekeza kuwa lazima zikatwe na kuungwa tena. Namna aliyoieleza haikuwa sahihi, lakini wazo lenyewe lilikuwa limelenga.

Tazama bakteria aitwaye E. coli. DNA yake ni duara la jozi milioni 4.6, na duara halina ncha ya kuachia msokoto utoke. Anapojizalisha, mashine ya kunakili hupita jozi zipatazo 1,000 kwa sekunde. Hesabu mwenyewe: mizunguko karibu 100 inapaswa kuondolewa mbele yake kila sekunde. Hata kwetu binadamu, ambao kromosomu zetu zina ncha, uzi ni mrefu na umezungushiwa protini kila mahali, hivyo ncha iliyo mbali haisaidii kitu.

DNA inavumilia msokoto kiasi, ila si sana. Kwa kawaida kila jozi imegeuka digrii kama 34 kuilinganisha na jirani yake, na joto la kawaida tu huitikisa digrii kadhaa huku na huku. Ukiizidishia, mwanzoni inakaza. Ukifika kiwango fulani, kujikunja kunakuwa nafuu kuliko kuendelea kukaza, na uzi wote unajipinda kuwa msokoto juu ya msokoto. Kundi la Jerome Vinograd liliuona mpindano huo mwaka 1965 kwenye DNA ya kirusi cha polioma.

Aliyepata mkataji ni James Wang, mwaka 1971, ndani ya E. coli: kimeng'enya kinachokata uzi mmoja, kikaacha msokoto ulegee, kisha kikaunga tena. Vimeng'enya vya jamii hii huitwa topoisomerasi. Vingine ni vya kushangaza zaidi: hukata nyuzi zote mbili, hupitisha kipande kingine cha DNA katikati ya mkato, halafu hufunga, na kila tendo hubadili hesabu ya mizunguko kwa miwili. Mwaka 1976 Martin Gellert na wenzake walitangaza jairesi, ambayo haingoji msokoto ulegee wenyewe. Inatumia nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, kuilegeza DNA kupita kiasi chake cha asili, na DNA iliyolegea hufunguka kwa urahisi wakati wa kusomwa.

Kulegea huko kungekuwa balaa kwenye joto kali, maana moto nao hutenganisha nyuzi. Vijidudu vinavyostawi kwenye chemchemi za maji yanayokaribia kuchemka hubeba jairesi ya kinyume, iliyogunduliwa mwaka 1984, yenye uwezo wa kukaza pale jairesi ya kawaida inapolegeza. Aliyewahi kutembelea maji moto ya Songwe anaelewa joto ninalolisema. Maabara nayo huutumia moto huohuo: kwenye kipimo cha PCR, ambacho hunakili kipande cha DNA mara nyingi, DNA hupashwa hadi nyuzijoto kama 95 na nyuzi huachana bila kimeng'enya chochote cha kukata, kwa sababu vipande vinavyonakiliwa ni vifupi na ncha zake huzunguka zitakavyo.

Sasa fikiria ukiizuia jairesi katikati ya kazi, ikiwa imeshakata lakini haijaunga. Ndivyo zinavyofanya dawa za jamii ya siprofloksasini, ile inayoitwa sipro kwenye maduka ya dawa. Huikamata hapo, bakteria anabaki na DNA iliyokatika, na hufa. Topoisomerasi zetu zina umbo tofauti, ndiyo maana kwa dozi za kawaida dawa huziacha.

Bakteria wa kifua kikuu, ugonjwa ambao kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kimeufanyia utafiti kwa miaka mingi, hana topoisomerasi nyingine ya kukata nyuzi zote mbili zaidi ya jairesi. Jairesi hiyo ndiyo inayolengwa na moksifloksasini na levofloksasini, dawa za jamii moja na sipro, zinazotumika dhidi ya kifua kikuu sugu. Herufi moja ikibadilika kwenye jeni la jairesi, katika eneo dogo ambapo dawa hushika, dawa inaweza kukosa pa kushikilia huku jairesi ikiendelea na kazi. Vipimo vya usugu husoma eneo hilohilo kabla daktari hajachagua dawa.