Zizi la mawe, meno ya alpaka na samadi

Anayetaka kuelewa ufugaji wa lama na alpaka katika milima ya Andes, Amerika Kusini, mimi humshauri aanzie zizini kabla hajatazama vitambaa maridadi vya Wainka, watu waliotawala huko kabla ya Wahispania. Zizi lenyewe ni duara la mawe yaliyopangwa bila udongo, na ndani yake mna kinyesi kilichokanyagwa miaka na miaka hadi kikashikana kama sakafu. Mengi tunayoyajua kuhusu wafugaji wa kale yamepitia humo, na makosa yetu kadhaa pia.

Puna ni nyika ya nyasi iliyo kati ya mita 4,000 na 4,800 hivi, hasa Peru na Bolivia. Waliopanda Kilimanjaro wanakijua kituo cha Horombo, mita 3,720. Wafugaji hawa huishi juu zaidi ya hapo mwaka mzima, mahali ambapo mahindi hayakui na miti ni ya kutafuta. Lama na alpaka ni jamaa wa ngamia, ila hawana nundu. Lama ni mkubwa, anabeba mzigo wa kilo 25 hadi 30 na anaridhika na nyasi kavu, ngumu. Alpaka ni mdogo, mwenye sufu nzuri, na hutaka majani laini ya chepechepe. Msomaji aliyezoea Wamasai au Wasomali atauliza maziwa yako wapi. Hayapo, wanyama hawa hawakamuliwi. Kinachopatikana ni sufu, nyama, mgongo wa kubebea na kinyesi. Mahindi hufuatwa mabondeni kwa wakulima, zamani kwa misafara ya madume yaliyohasiwa, siku hizi mara nyingi kwa lori.

Sasa tuingie kwenye mifupa. Katika pango la Telarmachay, mita 4,420, mkoa wa Junín nchini Peru, kikosi cha mwanaakiolojia Danièle Lavallée kilichimba kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, na Jane Wheeler akachambua mifupa ya wanyama. Kadiri tabaka zilivyokaribia wakati wetu, mifupa ya watoto wachanga ilizidi, hadi ikapita nusu ya mifupa yote ya jamii hii ya wanyama. Hapo pana kitendawili. Mfugaji gani huchinja watoto wa siku chache, ambao hawana nyama wala sufu?

Jibu linatoka kwa wafugaji wa leo. Alpaka hubeba mimba karibu miezi 11 na nusu, kisha huzaa mtoto mmoja kati ya Desemba na Machi, msimu wa mvua. Wengi huzaa kati ya saa moja asubuhi na saa nane mchana. Ukimkuta jike anasukuma jioni, shuku tatizo. Mama wa jamii hii hamlambi mtoto wake. Jua na upepo ndio taulo yake, na akizaliwa jioni, baridi ya usiku itamkuta angali mbichi. Akiponea hapo, anarudi zizini pamoja na mama. Mvua imenyesha, kinyesi kimegeuka tope, chuchu zimepakaa tope, mtoto ananyonya. Humo mna bakteria Clostridium perfringens, aina A na C. Mtoto aliyekuwa akirukaruka asubuhi, jioni amejilaza tumbo limejaa, na kesho yake amekufa. Mwaka mbaya kundi linaweza kupoteza hadi nusu ya watoto.

Dalili zikishaonekana, dawa mara nyingi hazifui dafu. Kinachosaidia ni kazi ya kabla: zizi la masika liwe mtelemkoni ambako maji hayatuami, lihamishwe kila baada ya wiki moja au mbili, majike wazalie malishoni, kitovu kichovywe kwenye ayodini, na mtoto anyonye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa chache za mwanzo. Wengi wanaolijua hili hawalitekelezi, kwa sababu kuhamisha ukuta wa mawe ni kazi ya mikono mingi na vijana wamehamia mjini.

Wheeler aliisoma ile mifupa ya Telarmachay kwa jicho hilo: watoto hawakuchinjwa, waliuawa na zizi. Naona ni hoja nzuri, lakini haisimami peke yake, maana wawindaji wakipiga kambi msimu wa kuzaliana wataacha rundo kama hilo. Kilichoipa nguvu ni meno ya mbele. Jino la vikunya, jamaa wa mwituni, ni refu, pande zake zinakwenda sambamba, enameli, lile ganda gumu la jino, iko mbele tu, na mzizi hubaki wazi kwa hiyo jino huendelea kukua. Jino la guanako, jamaa mwingine wa mwituni, na la lama lina umbo la kijiko, enameli mbele na nyuma, na mzizi uliofunga. La alpaka linafanana na la vikunya, isipokuwa hatimaye mzizi wake hufunga. Meno ya namna hiyo yanaonekana Telarmachay miaka 6,000 hivi iliyopita. Mwaka 2001 vinasaba vilikubaliana na meno: alpaka ametokana na vikunya, naye lama ametokana na guanako, na jina la kisayansi la alpaka likabadilishwa kuwa Vicugna pacos.

Tatizo ni kwamba alpaka wa leo si kipimo safi cha wa zamani. Uchambuzi wa jenomu, yaani vinasaba vyote vya mnyama, uliotoka mwaka 2020 ulionyesha kuwa takriban 36% ya jenomu ya alpaka imetoka kwa lama. Baada ya Wahispania kuingia, makundi yalipukutika kwa upele na vurugu, na waliosalia wakazaana ovyo, lama kwa alpaka. Ushahidi mzuri wa kabla ya hapo uko El Yaral, kusini mwa Peru, ambako watu wa utamaduni wa Chiribaya walizika lama na alpaka chini ya sakafu za nyumba miaka 1,000 hivi iliyopita, na ukame ukawahifadhi na manyoya yao. Sufu ya alpaka bora wa pale ilikuwa na unene wa wastani wa mikroni 17.9 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na unyoya mmoja haukutofautiana sana na mwingine. Leo sufu iliyo chini ya mikroni 23 huuzwa kama daraja la juu.

Turudi kwenye kinyesi. Lama na alpaka huenda haja mahali pamoja, kwa hiyo ni rahisi kukizoa, kukianika na kukichoma badala ya kuni. Kingine hurutubisha viazi. Mabaki huliwa na viumbe wadogo, wakiwemo utitiri wa udongoni, ambao maji huwasomba hadi ziwani. Mtafiti Alex Chepstow-Lusty na wenzake waliwahesabu katika tope la ziwa dogo la Marcacocha, karibu na mji wa Ollantaytambo nchini Peru: utitiri waliongezeka enzi za Wainka, wakaporomoka baada ya uvamizi. Hiyo ni sensa ya mifugo isiyohitaji karani.

Ila kinyesi kikichomwa huleta mtego. Mmea wa mwituni, ndugu wa kinoa (zao la mbegu linaloliwa kama nafaka huko Andes), humea kwa wingi kwenye zizi lililoachwa, maana mbegu zake hupita tumboni mwa mnyama zikiwa nzima na kuangukia penye samadi. Mwanaakiolojia akikuta mbegu hizo zimeungua jikoni mwa miaka 3,000 iliyopita, ataandika haraka kwamba watu walikula kinoa. Huenda walichoma samadi tu. Kabla ya kuamua, tazama kama kuna vipande vya kinyesi vilivyoungua pamoja nazo, kama mbegu zimechanganyika na za majani ya malisho, na pima unene wa ganda: la kinoa ya shambani ni jembamba, la mwituni ni nene. Sampuli moja ya jivu haitoshi. Chukua ya jikoni, ya jalalani na ya zizini, uzilinganishe.