Mali ya Uhalifu Ikishavuka Ziwa

Tukiwa tumesimama mwaloni Kirumba, mahali boti za wavuvi zinapotia nanga jijini Mwanza kwenye Ziwa Victoria, mzee mmoja wa kamati ya maji ya kijiji aliniuliza kwa nini boti iliyonunuliwa kwa fedha zilizofujwa za mradi wao haikamatwi huko Uganda, ilhali kila mvuvi anajua imefungwa mwalo gani. Swali lake lilikuwa la haki, na kwangu mimi ninayeshughulikia kesi za namna hii, jibu lake linauma.

Amri ya mahakama ya Mwanza haina nguvu Port Bell nchini Uganda wala Kisumu nchini Kenya. Ili mali iliyoko huko izuiwe, ombi hupelekwa kupitia kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kwa mujibu wa Sheria ya Kusaidiana katika Masuala ya Jinai, Sura ya 254. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003, ambao Tanzania, Kenya na Uganda zote zimeuridhia, unaziwekea nchi njia mbili: kuitekeleza amri iliyotolewa ugenini, au kuziachia mahakama zao zitoe amri kwa ushahidi uliopelekwa. Zuio huja kwanza, ili mali isiuzwe wala kuhamishwa. Utaifishaji, yaani mahakama kumnyang'anya mtu mali hiyo moja kwa moja, hufuata baadaye.

Maombi mengi hukwama kwenye maelezo ya mali yenyewe. Ombi la kwanza nililoshiriki kuliandaa lilirudishwa baada ya miezi kadhaa, kwa sababu tuliandika "boti moja ya mbao, nyeupe na bluu", na boti za aina hiyo zimejaa mialo yote ya ziwa hili. Tulirudi kwa aliyeuza mashine ya boti hiyo, tukaipata kwenye kitabu chake cha risiti namba iliyogongwa ubavuni mwa mashine ile, pamoja na tarehe ya malipo, ambayo ilikuwa siku mbili tu baada ya fedha kutolewa kwenye akaunti ya mradi. Mnyororo huo, kutoka akaunti hadi risiti na kutoka risiti hadi namba ya mashine, ndio hakimu wa nchi nyingine anaoutafuta, kwa kuwa yeye hamjui mshtakiwa wala kijiji chake.

Fedha ni ngumu zaidi, maana huhamishwa kwa simu kabla barua ya ombi rasmi haijapigwa muhuri. Kwa hiyo namsihi kila mpelelezi asianze na barua. Ipo mitandao ya waendesha mashtaka na wapelelezi, kama ARINSA wa kusini mwa Afrika ulioanzishwa mwaka 2009, ambao Tanzania ni mwanachama wake, na ARIN-EA wa Afrika Mashariki, ambamo mtu humuuliza mwenzake wa nchi jirani kama mali ipo, iko kwa jina la nani, na mahakama ya kule hudai nini. Taarifa hiyo kwa kawaida huelekeza upelelezi tu. Ushahidi wa kupeleka mahakamani bado huombwa rasmi.

Kwa fedha za umma zilizofujwa, ibara ya 57 ya Mkataba inaitaka nchi iliyotaifisha mali, kwa kawaida baada ya hukumu ya mwisho ya nchi iliyoomba, iirejeshe huko, ingawa inaweza kukata gharama zinazostahili. Lakini mbao iliyoachwa majini haisubiri hukumu. Katika ombi la pili tuliongeza aya moja, tukiomba boti ivutwe nchi kavu na mashine ing'olewe ihifadhiwe ghalani, au vyote viuzwe kwa amri ya mahakama na fedha zishikiliwe hadi kesi iishe.