Kabla hujanunua betri, pima ethi

Gari la zamani lililolala nje Raskazone au Sahare msimu wa kusi huamka na umande wenye chumvi. Unafungua swichi, taa za dashibodi zinawaka vizuri. Unapiga stata: tak. Kimya. Unarudia: tak. Aliye karibu atasema betri imekufa, na dukani watakuuzia nyingine. Huo ndio uamuzi unaowapotezea pesa wenye magari ya zamani hapa Tanga, kwa sababu mara nyingi betri haina kosa. Umeme upo, ila haufiki.

Tufanye hesabu kidogo. Stata ya injini ndogo ya petroli huvuta ampea 100 hadi 200. Tuseme 150. Waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kutoka injini na bodi hadi hasi ya betri, ukiliwa na chumvi na kuwa na ukinzani wa omu 0.02 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi kukionyesha sawasawa, basi 150 mara 0.02 ni volti 3. Zinaishia njiani zikigeuka joto, na stata inabakiwa na volti 9 au pungufu. Sasa washa taa kubwa moja ya wati 55: inavuta ampea 4 na nusu hivi. Kwenye ukinzani uleule inapoteza volti 0.09, na taa itang'aa kama kawaida. Kwa hiyo "mbona taa zinawaka" si kipimo cha waya. Hata kuupima kwa mlio wa mita kunadanganya, kwani nyuzi mbili tatu za shaba zilizobaki zinatosha kuiliza.

Tazama pikapu inayobeba samaki kutoka Deep Sea, wanakoshushia samaki hapa Tanga. Barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanapenya sakafuni na kudondokea chesi, palepale ethi ilipofungwa. Shaba na chuma vikikutana penye maji ya chumvi, chuma huliwa na bolti inabaki imekaza juu ya kutu. Kisha chumvi hupanda ndani ya waya, kati ya uzi na uzi, kama mafuta ya taa kwenye utambi. Kwa nje unaona waya mweusi mzima. Uminye kwa vidole karibu na kichwa chake, utasikia kama mchanga unasagika. Chuna gamba: vumbi la kijani, na nyuzi zimekuwa nyeusi.

Kipimo chenyewe kinahitaji mita ya bei nafuu na mtu wa kupiga stata. Kwanza zuia injini isiwake: kwenye gari la distributa (kigawa cheche za plagi), chomoa waya mnene wa katikati uuguse chuma cha injini, kwenye dizeli, chomoa waya wa solenoidi ya kuzimia mafuta. Gia iwe huru na breki ya mkono imevutwa. Weka mita kwenye volti za DC.

Anza kwenye betri yenyewe. Ikiwa imetulia saa kadhaa, volti 12.6 ni imejaa, 12.2 ni nusu, 12.0 ichaji kwanza ndipo uendelee. Mwambie mwenzako apige stata sekunde tano huku umegusa nguzo mbili za risasi. Ikishuka chini ya 9.6, betri ni dhaifu au stata inakwama. Lakini ikibaki 11 na zaidi huku stata inavuta kivivu au inagonga tu, achana na betri. Tatizo liko mbele yake.

Sasa ncha nyeusi iguse nguzo ya hasi, siyo teminali (kichwa cha waya kinachoibana), na ncha nyekundu iguse chuma kisafi cha injini. Piga stata. Chini ya volti 0.3, ethi ni nzima. Ikizidi 0.5, pana ugonjwa, na unautafuta kwa kusogeza ncha nyekundu: nguzo hadi teminali, kisha hadi bodi, kisha hadi injini. Namba inaporuka, umefika. Upande wa chanya fanya vilevile, kutoka nguzo ya chanya hadi bolti kubwa ya stata. Usikubali zaidi ya 0.5. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo, na ipumzishe dakika mbili, maana inachemka haraka.

Kuna dalili moja ambayo wengi hawaiunganishi na ethi: waya wa choki au wa akseli kupata moto, hata kutoa moshi, wakati wa kupiga stata. Utepe wa ethi kati ya injini na bodi ukikatika, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi betrini, na waya huo wa choki au akseli ndiyo njia inayobaki. Ukiona hivyo, acha kupiga stata mpaka utepe urudi.

Kwa matengenezo, fungua hasi kwanza na uifunge mwisho, ili spana ikigusa bodi isitoe cheche. Unga wa teminali uoshe kwa kijiko kikubwa cha magadi soda kwenye nusu lita ya maji ya moto, vizibo vya betri vikiwa vimefungwa. Kwangua chuma kwa msasa mpaka king'ae, kaza, halafu ndipo upake grisi juu. Waya mbovu ukate nyuma kidogo kidogo mpaka shaba iwe nyekundu. Usipofika kwenye wekundu, tupa wote. Waya wa mashine ya kuchomelea wa milimita za mraba 35 unafaa sana kwa sababu ni laini na haukatiki kwa mtikisiko. Waya wa nyumba, hata ukisokota mitatu pamoja, usifunge.

Ikiwa ethi na chanya ni nzima na bado unasikia tak moja nzito, pima waya mdogo wa solenoidi ya stata (swichi yake ya sumaku) wakati wa kupiga. Volti chache zinakuelekeza kwenye swichi ya ufunguo, au swichi ya gia kwa gari la otomatiki. Volti zikitosha, fungua solenoidi. Kwenye stata za Denso zilizo kwenye Toyota nyingi za zamani, vipande viwili vya shaba ndani yake huliwa, hasa kimoja. Vinauzwa peke yake. Usinunue stata nzima kabla hujavitazama. Stata ikizunguka bila kuvuta injini, hiyo ni bendiksi, gia ndogo ya stata inayong'ata gurudumu la injini.

Angalizo kwa wenye Land Rover za kabla ya 1967: nyingi zilitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo ethi. Tazama kabla ya kufunga betri au redio.

Injini ikizunguka vizuri na isiwake asubuhi yenye unyevu, fungua kifuniko cha distributa ukifute kwa kitambaa kikavu ndani na nje. Usiku, boneti wazi na injini ikitembea, cheche za bluu zinazotambaa juu ya waya za plagi zitakuonyesha pa kubadilisha. Usiziguse.

Baada ya kuwaka, betri isome 13.8 hadi 14.5. Chini ya hapo kagua mkanda, kisha balbu ya taa ya chaji: kwenye altaneta (mashine inayochaji betri) nyingi za zamani umeme wa kuiamsha hupita humo, ikiungua altaneta hailishi. Ikizidi 15, regyuleta, kidhibiti cha chaji, imeharibika na maji ya betri yatachemka.

Betri inayolala nzima na kuamka tupu ni jambo jingine. Zima kila kitu, pitisha mita ya ampea kwenye waya wa hasi. Zaidi ya miliampea 50, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Ikigoma kushuka, chomoa altaneta: dayodi yake mbovu, ile inayoupitisha umeme upande mmoja tu, hunyonya betri usiku kucha.

Ukimaliza, rudia kipimo cha ethi na uandike kwa rangi nyeupe chini ya boneti: tarehe, na volti zilizopotea. Kusi lijalo utapima tena, na namba ya zamani itakuwa mbele ya macho.