Hotuba ya Desemba 1965 na njia ya Tunduma

Nafundisha historia ya diplomasia hapa Mbeya. Tukifika kwenye hotuba za viongozi kuhusu wajibu wa taifa duniani, nawaambia vijana wangu waachane kwanza na maneno matamu, watafute gharama: nani atalipa, na atalipa nini.

Wengi wanaikumbuka ile ya Oktoba 1959, Nyerere alipoliambia Baraza la Kutunga Sheria habari za mwenge juu ya Kilimanjaro utakaomulika hata nje ya mipaka yetu. Nzuri mno. Lakini wakati ule nchi ilikuwa bado mikononi mwa Mwingereza, na ahadi haikumgharimu mtu senti. Mimi hufundishia ile aliyoitoa bungeni tarehe 14 Desemba 1965.

Novemba hiyo Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), koloni la Uingereza, alikuwa amewatangazia walowezi wa huko uhuru wao. Mawaziri wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakaazimia kwamba Uingereza isipomzima kufikia tarehe 15 Desemba, nchi wanachama zivunje uhusiano nayo. Siku ilipokaribia, wengi wakaanza kusuasua. Mwalimu hakudai kwamba Tanzania ingemtetemesha Harold Wilson, waziri mkuu wa Uingereza. Hoja yake ilikuwa heshima ya Afrika: azimio tumelipitisha wenyewe, hakuna aliyetulazimisha, tukilimeza, nani atatusikiliza tena? Kesho yake uhusiano ukavunjwa. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa, na nchi ilikuwa na miaka minne tu ya uhuru.

Huku kwetu mzigo wa Rhodesia ulionekana barabarani. Reli kuu ya Zambia ya kwenda baharini ilipita kwa Smith, kwa hiyo mafuta yakaanza kupelekwa kwa mapipa, malori yakitoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma mpakani, vumbi kiangazi, tope masika. Bomba la TAZAMA, la kupeleka mafuta Zambia, likakamilika 1968. Kisha TAZARA, reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, kilometa 1,860, kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya Magharibi kusema haina faida. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, mahandaki na madaraja mfululizo, ndicho kilichowatoa wajenzi jasho. Mkoani Iringa, Mgagao, tukawapa wapigania uhuru wa Zimbabwe kambi.

Je, kuvunja uhusiano kulimwangusha Smith? Hapana. Tulirudiana na Uingereza 1968 naye bado yupo madarakani, na Zimbabwe ikapata uhuru 1980. Wanafunzi wakinibana hapo sibishi. Nawapa hotuba yoyote ya leo ya Umoja wa Mataifa, wapigie mstari kila sentensi inayotaja kitu ambacho nchi ya msemaji iko tayari kukikosa. Wakikwama, nawaruhusu wahesabu na ahadi zenye tarehe.