Madoa yanayovimba ukiyasugua: maswali ya mama mmoja wa Nkuhungu, Dodoma

Swali: Mwanangu ana miezi 9, ana madoa ya kahawia mgongoni na tumboni, nikimsugua na dodoki yanavimba kama kang'atwa na siafu. Nimempaka dawa ya fangasi tyubu 3, wapi. Ni nini?

Jibu: Pole sana mama. Acha hiyo dawa kwanza, maana doa la fangasi halivimbi hivyo ukilisugua. Hiyo hali ya doa kuvimba na kuwasha ndani ya dakika chache madaktari wanaiita ishara ya Darier, na inawafanya wafikirie mastositosisi ya ngozi, yaani seli za aleji zinazoitwa seli masti zimejazana sehemu moja, ukizichokoza zinamwaga histamini ndo unaona uvimbe. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri kwahiyo papasa kwa kidole, ila usijaribu kila siku, unamtesa bure. Mpeleke kwa daktari wa ngozi, akiwa na shaka atakata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, na anaweza kuagiza damu ipimwe triptezi, kemikali inayotoka kwenye hizo seli masti.

Swali: Inaambukiza? Majirani hawataki watoto wao wacheze naye.

Jibu: Haiambukizi kabisa, waambie. Na wala hujakosea chochote kwenye ujauzito. Watoto wengi inaanza kabla ya miaka 2 na inapungua au kuisha wakibalehe. Mtu mzima ndo inabidi achunguzwe zaidi, kwake mara nyingi inakuwa mpaka kwenye uboho wa mifupa.

Swali: Dawa yake?

Jibu: Ya kuimaliza kabisa hakuna, tunatuliza muwasho kwa dawa za aleji kama setirizini kwa dozi ya daktari. Maji ya kuoga yawe vuguvugu, dodoki weka pembeni, na joto letu la Oktoba na Novemba mvalishe pamba nyepesi. Chanjo aendelee nazo, ila mwambie nesi mapema. Aspirini, brufeni, diklofenaki na kodeini zinawachokoza baadhi yao kwahiyo kabla ya dawa yoyote ya maumivu au upasuaji sema ugonjwa wake, hata usipoulizwa.

Swali: Kwa bibi yake Singida kuna mizinga ya nyuki, nimpeleke?

Jibu: Muongee na daktari kwanza, asogee mbali na mizinga. Akiumwa na nyuki kisha akahema kwa shida, akatapika au akalegea, mlaze chini, ila kama anahema kwa shida mwache akae, kimbia hospitali achomwe adrenalini pajani, usikae kusubiri piritoni ifanye kazi.