Kufeli kipimo na sonona kwenye raga: tunayoyadhania na yalivyo

Dhana: Mchezaji wa raga aliyefeli kipimo cha dawa zilizokatazwa michezoni alikuwa anatafuta nguvu za ziada.

Wengine ndivyo, na wenye steroidi (dawa za kukuza misuli) mwilini hufungiwa kucheza hadi miaka 4. Kokeini ni habari nyingine. Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, huihesabu kuwa kosa kipindi cha mechi tu, kinachoanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mchezo. Lakini masalia yake hukaa kwenye mkojo siku kadhaa, kwa hiyo aliyeitumia katikati ya wiki anaweza kunaswa Jumamosi. Tangu 2021, mchezaji akithibitisha kwamba aliitumia nje ya mechi na haikuhusiana na mchezo, adhabu ni miezi 3, na hushuka hadi mwezi 1 akimaliza matibabu. Waliotunga kanuni walikubali kwamba mraibu si sawa na mdanganyifu. Mashabiki wengi bado tunawatia kapu moja.

Dhana: Mwanamume wa miraba minne hasononeki.

John Kirwan, winga wa New Zealand aliyetwaa Kombe la Dunia 1987, aliugua sonona angali mchezaji, akaja kuisimulia hadharani. Mwaka 2012 alipewa cheo cha Sir kwa utumishi wake katika afya ya akili na raga.

Dhana: Ukimeza dawa za sonona utafeli kipimo.

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, maana inaweza kumfanya mgonjwa aache tiba. Fluoksetini na sertralini hazimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa. Baadhi ya dawa nyingine, kama zile za kutuliza tatizo la umakini, huombewa kibali cha matibabu. Daktari wa timu anajua utaratibu, aulizwe mapema.

Dhana: Akifungiwa, amekwisha.

Kifungo ni kizito kuliko tunavyodhani, kwa sababu humzuia hata kufanya mazoezi na wenzake mpaka kikaribie kuisha. Anayepigana na uraibu huondolewa miongoni mwa watu aliowazoea kila siku, wakati anaowahitaji mno. Hata hivyo wapo wanaorudi. Matt Stevens, nguzo (mchezaji wa safu ya mbele) wa Uingereza, alikutwa na kokeini, akakiri uraibu wake kwenye televisheni mwaka 2009 na kufungiwa miaka 2. Alirejea 2011 kupitia Saracens, na mwaka huohuo akacheza Kombe la Dunia.